Wingi wa Wanafunzi Darasani: Sera ya Serikali katika Tanzania tangu 1961

Neno darasa lilipopokewa katika Kiswahili kutoka Kiarabu halikuwa jina la chumba, wala halikuwa na hesabu ya watu ndani yake. Lilikuwa jina la somo lenyewe, nalo ni ndugu wa kudurusu. Hata leo, katika miji ya pwani, mtu akisema anakwenda darasa baada ya sala ya alasiri katika mwezi wa Ramadhani, hakuna amwulizaye wamo wangapi. Wakiwa kumi ni darasa, na wakiwa mia mbili waliojaa hadi barazani ni darasa vilevile, kwani kinacholifanya ni sauti ya anayesomesha na masikio ya wanaosikiliza. Kadhalika katika chuo cha Kurani mwalimu mmoja huwa na watoto wa kila umri, na kila mmoja yu mahali pake katika kusoma. Aliyefika mbali humshika mkono aliye nyuma, na mwalimu huwapitia kwa zamu.

Shule ya serikali ndiyo iliyolitia neno hili maana nyingine mbili. Kwanza lilikuwa ngazi: darasa la kwanza, darasa la pili. Kisha likawa chumba chenye kuta nne, mlango na ubao. Maana hizi mbili ndizo zilizoleta haja ya kuhesabu. Ngazi hudai kwamba wote waliomo wajue jambo moja kwa wakati mmoja, na chumba kina mwisho wake. Hapo ndipo likazuka swali ambalo halikupata kuulizwa chuoni, nalo ni hili: mwalimu mmoja apewe watoto wangapi? Katika Tanzania jibu la serikali kwa shule za msingi lilikuwa, kwa miaka mingi, watoto 45. Habari za namba hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana, kwa sababu serikali iliyoiandika ndiyo hiyo hiyo iliyoamua, kwa makusudi na kwa hoja nzito, kuivuka.

Tanganyika ilipopata uhuru wake Desemba 1961, madarasa ya juu hayakuwa na msongamano mkubwa. Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni wema wa utawala uliopita. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967, alitoa hesabu: mwaka 1961 watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na walio wengi walikomea darasa la nne. Katika shule za sekondari walikuwamo 11,832, na katika kidato cha sita 176 tu. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa ungo. Waliopenya walikwenda juu na waliobaki wakarudi kwao. Mwalimu wa darasa la tano aliweza kumjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa mwandiko kwa sababu wenzao walikuwa nje wakichunga ng'ombe. Udogo wa darasa ulilipiwa na wale ambao hawakulikanyaga. Anayesifu shule za zamani kwa utulivu wake yafaa aitie hesabu hiyo katika sifa zake.

Katika madarasa ya chini hali ilikuwa mbali na hiyo. Huko desturi ya zamu ilikuwako tangu enzi ya Waingereza: kundi moja liliingia asubuhi na kundi la pili likaingia la kwanza lilipotoka, mwalimu akiwa yule yule na chumba kile kile. Hivyo kila kundi lilionekana dogo katika kitabu cha mahudhurio, ilhali mwalimu alikuwa amebeba makundi mawili, na kila mtoto alikuwa amepata nusu ya siku ya shule. Mtindo huo wa kugawa siku badala ya kugawa watoto uliachwa kwa serikali mpya kama urithi, nayo ikauona una faida.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka. Kufika 1967 idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilikuwa 825,000 kwa hesabu ya kijitabu kile kile. Lakini Nyerere hakuyaandika hayo kwa kujisifu. Alikuwa anaonyesha kwamba asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya kuendelea, na kwamba hali hiyo isingebadilika upesi. Kwa hiyo elimu ya msingi isiwe tena ngazi ya kupandia sekondari. Iwe elimu kamili kwa mtu atakayeishi kijijini. Hoja hii hutajwa mara nyingi kwa ajili ya mashamba ya shule na kazi za mikono, nalo jembe limewashughulisha waandishi wengi. Athari yake juu ya ukubwa wa darasa haikutajwa sana, nayo ni kubwa. Ikiwa shabaha ya shule ni kuwachagua wachache, mwalimu hana budi kuwa na wachache ili awapime. Ikiwa shabaha ni kumpa kila raia kusoma, kuandika, kuhesabu na kuijua nchi yake, basi mtoto aliye nje ya mlango ni hasara kubwa kuliko mtoto wa sitini aliye ndani.

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, uliweka mwaka 1989 kuwa mwaka wa kila mtoto kupata nafasi shuleni. Miaka ishirini ilionekana kuwa muda wa kutosha kusomesha walimu na kujenga vyumba kwa taratibu. Ada ya shule za msingi iliondolewa 1973. Katika miaka hiyo hiyo mamilioni ya watu walihamishwa kwenda vijiji vya pamoja, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na watoto waliokuwa wametawanyika katika mashamba ya mbali wakawa mahali pamoja, mbele ya macho ya viongozi. Mtoto asiyesoma alionekana sasa kila asubuhi.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Huko miaka kumi na miwili ilifutwa kwa mkupuo mmoja: kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ifikapo Novemba 1977, wala si 1989. Hilo ndilo Azimio la Musoma, ambalo vijana wa vyuo vikuu walilikumbuka zaidi kwa sababu liliwataka waliomaliza kidato cha sita wakafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kwa wazazi wa vijijini sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito.

Ni wazi kwamba wakuu wa serikali walijua walichokuwa wakikiamua. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo vilitoa walimu elfu chache tu kwa mwaka, na waliohitajika walikuwa makumi ya maelfu. Vyumba havikuwako, wala saruji, wala madawati. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuonyesha kwa dakika tano kwamba namba 45 isingesimama. Hoja ya Musoma haikuwa kwamba hesabu hiyo ilikuwa na makosa. Ilikuwa kwamba mtoto wa miaka saba wa 1974 atakuwa na miaka ishirini na miwili mwaka 1989, na hakuna mpango wowote utakaomrudishia utoto wake. Wingi wa wanafunzi darasani haukuja kwa uzembe wa ofisi, ulichaguliwa. Hili lafaa kusemwa waziwazi, kwa kuwa baadhi ya waandishi wa baadaye wameueleza kama ajali.

Njia tatu zilitumika. Ya kwanza ni nguvu za watu wenyewe: vijiji vilifyatua matofali, vikakata miti, vikajenga vyumba kwa kujitolea; na palipokosekana chumba, kivuli cha mwembe kilikuwa darasa, neno likirudia kwa namna fulani maana yake ya kwanza. Ya pili ni zamu, ile ya tangu zamani, iliyopanuliwa sasa. Ya tatu ndiyo iliyoacha alama kubwa kuliko zote. Vijana waliomaliza darasa la saba, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, walichukuliwa kuwa walimu. Hawakupelekwa kwanza chuoni kwa miaka miwili. Walikaa katika kata zao, wakafundisha sehemu ya juma na sehemu nyingine wakasoma chini ya wakufunzi, wakisaidiwa na masomo ya posta na ya redio, kwa muda wa miaka mitatu. Zaidi ya elfu thelathini walifuzu kwa njia hiyo.

Watu waliwaita walimu wa UPE, kwa herufi tatu za Kiingereza zilizokuwa jina la mpango wote wa elimu ya msingi kwa wote, zikitamkwa yu-pi-i. Kisha ulimi wa mitaani ukazifasiri herufi hizo upya: Ualimu Pasipo Elimu. Kwa mwanafunzi wa lugha fasiri hiyo ni mfano mzuri wa ufundi wa Waswahili wa kuligeuza neno la serikali kwa kulipa maana nyingine bila kubadili hata herufi moja. Lakini mzaha huo ulimwangukia asiyestahili. Kijana yule hakuutaka mpango huo wala hakuupanga. Aliitwa, akaja, akasimamishwa mbele ya watoto sabini akiwa na kipande cha chaki na kitabu kimoja. Wapo waliodumu katika kazi hiyo miaka arobaini.

Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa elimu wamelipita haraka, nalo ni la lugha. Mpango wa Musoma usingaliwezekana hata kidogo kama shule za msingi zingalikuwa zinafundisha kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali tangu 1967. Kijana wa darasa la saba hakuwa na Kiingereza cha kumwezesha kueleza sehemu za mmea au habari za Maji Maji. Kiswahili alikuwa nacho, na mara nyingi chema. Tena tahajia ya Kiswahili ni nyepesi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu ameshika ufunguo unaofungua karibu maneno yote. Lugha nyingine zisingaliweza kufundishwa kusomwa na mwalimu mchanga kiasi hicho, katika darasa kubwa kiasi hicho, kwa nusu siku.

Kenya yatoa mfano wa kulinganisha. Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kuondoa ada katika madarasa manne ya kwanza. Januari 1974 walioandikishwa darasa la kwanza walipanda kutoka kiasi cha 380,000 mwaka uliotangulia hadi kiasi cha 960,000. Shule nyingi huko zilikuwa zimechukua njia ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na walimu wasio na mafunzo walioajiriwa kwa haraka walitakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe waliijua nusu. Zaidi ya hayo, ada iliyoondolewa kwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa nyuma ikiitwa mchango wa ujenzi, na watoto wengi walioingia mwaka huo hawakudumu. Tamko la Kenya lilitolewa bila ya mpango wa walimu kutangulia. Azimio la Tanzania lilikuwa na mpango, ingawa ulikuwa wa shida, na lilikuwa na lugha. Zanzibar ilikuwa na njia yake: elimu bila malipo ilitangazwa huko tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi.

Lakini faida ya Kiswahili ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilionekana katika namna ya kufundisha. Mwalimu mwenye watoto sabini hawezi kumsikiliza kila mmoja. Hufundisha kwa sauti ya pamoja: yeye husema, nao huitikia. Silabi huimbwa, hesabu za kuzidisha huimbwa, na majina ya mito huimbwa. Kwa mtoto wa pwani, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake, kuitikia huko ni kuona katika maandishi yale anayoyajua kwa sikio. Kwa mtoto wa Usukuma au Uhehe mambo ni mengine. Yeye hana budi kujifunza lugha na kusoma kwa mara moja, na lugha haijifunzwi kwa kuitikia, bali kwa kusema, kukosea na kusahihishwa. Katika kundi kubwa mtoto wa namna hiyo aweza kuitikia mwaka mzima bila ya yeyote kugundua kwamba haelewi. Sauti yake imo katika sauti ya wote, nayo imemficha. Laiti waliopanga mafunzo ya walimu wa kata wangalitenga masomo maalumu ya kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili! Walichukua kwamba lugha ya taifa ni lugha ya kila mtoto wa taifa, na kwa siasa ya wakati ule ilikuwa vigumu kusema vinginevyo.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima kwa watoto wa miaka saba hadi kumi na mitatu, na mzazi aliyemficha mtoto akawa na hatia. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa kiasi cha milioni moja na laki mbili mwaka 1974, ilipita milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa umri huo walihesabiwa kuwa shuleni. Pamoja na kampeni ya elimu ya watu wazima, ilikuwa kazi ambayo nchi nyingi zenye mali zaidi hazikuifanya kwa muda mfupi kama huo.

Kisha mambo yakaharibika, wala si shuleni peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita na Uganda ya Idi Amin vilikuja 1978 na 1979. Bei ya mafuta ikapanda tena. Serikali iliyokuwa imeahidi kwamba vitabu na madawati vingefuata wanafunzi haikuwa na fedha za kuvinunua. Hapo ndipo msongamano uliokubaliwa kuwa wa muda ukawa hali ya kudumu. Neno dawati lenyewe, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni kidau cha wino na baadaye likawa jina la meza ya kuandikia, katika shule nyingi lilibaki jina tu. Watoto waliketi juu ya matofali na mawe, au sakafuni. Michango ya wazazi ilirudishwa 1984. Sekondari hazikupanuliwa, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imekwisha kusema kwamba shule ya msingi ni kamili peke yake; kati ya watoto mia waliomaliza darasa la saba miaka hiyo, hata kumi hawakupata nafasi katika sekondari za serikali. Wazazi walipima, wakaona mtoto anakaa miaka saba katika chumba kilichojaa kisha anarudi na jembe lile lile. Wengi waliacha kuwapeleka. Madarasa yakapungua watu, lakini kwa sababu mbaya, na wanaotafuta katika takwimu za miaka ya 1990 ushahidi wa ubora kwa kuwa idadi kwa mwalimu ilishuka hawana budi kulitazama hilo.

Serikali ilirudia tena. Ada ilifutwa kwa mara ya pili 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uitwao MMEM, ukaanza 2002 kwa msaada na mkopo wa nje. Wanafunzi waliokuwa kiasi cha milioni nne na nusu mwaka 2000 walikaribia milioni nane mwaka 2006. Mafunzo ya ualimu yalifupishwa: mwaka mmoja chuoni, na mwaka mmoja shuleni kwa mazoezi. Vyumba vingi vilijengwa safari hii, na fedha za ruzuku zilifika shuleni. Namba 45 iliandikwa tena kuwa lengo, ikavukwa tena. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa haraka kuanzia 2006, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na kutumwa kufundisha. Mitaani wakaitwa vodafasta, jina lililochukuliwa kwenye huduma ya kampuni ya simu. Ulimi ulikuwa haujapoteza ufundi wake tangu 1976. Upimaji wa Uwezo uliofanywa 2010 na 2011 ulionyesha kwamba, katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, karibu watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Katika lugha ya ofisi neno lililopata nguvu katika miaka hiyo ni mkondo. Shule yenye wanafunzi wengi wa ngazi moja husemwa kuwa ina mikondo miwili au mitatu, na maana yake ni kwamba darasa la kwanza limegawanywa. Ni neno zuri, kwa kuwa maji yakizidi yafaa kupewa njia ya pili. Lakini mkondo katika karatasi si mkondo katika jengo. Yapo madarasa yaliyoandikwa kuwa mikondo miwili, yakakutanishwa katika chumba kimoja kwa sababu mwalimu wa pili hakuletwa. Kwa hiyo mtafiti anayesoma taarifa za wilaya na kugawa idadi ya wanafunzi kwa idadi ya mikondo hupata wastani mzuri ambao hakuna mtoto aliyepata kuuona. Wastani wa taifa zima una kasoro nyingine tena: hutia katika hesabu moja shule ya mjini yenye walimu wengi na shule ya mpakani yenye walimu wawili, na darasa la saba lililopungua watu pamoja na darasa la kwanza linalomwagika.

Ada na michango ya lazima viliondolewa kwa mara nyingine kuanzia Januari 2016, na darasa la kwanza likajaa tena mwaka huo, pakafuata kampeni ya madawati nchi nzima. Miongoni mwa walimu wakuu waliowaandikisha watoto wa 2002, na hata baadhi ya waliowaandikisha wale wa 2016, walikuwamo waliochaguliwa katika kata zao baada ya Musoma, wakiwa na cheti cha darasa la saba. Walikuwa wamekwisha kusoma zaidi, wakapanda daraja, wakazeeka kazini. Wa mwisho wao walifikia umri wa kustaafu karibu na 2020.